Bei ya Baruti na Usalama wa Nyumba Zetu
Mada kwa wakazi wa Kata ya Kirumba kuhusu magobore ya urithi



Zipo nyumba katika kata hii ambazo wenyewe wanaishi Kirumba lakini mashamba yao yako Magu, Sengerema, Ukerewe au Bunda. Katika baadhi ya nyumba hizo, juu ya dari au nyuma ya kabati, kimelazwa kitu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa. Ni gobore la babu. Aliyelirithi hulitazama kwa heshima, kwa kuwa kwa silaha hiyo watangulizi wake waliwafukuza nguruwe pori na nyani shambani, na familia ikapata chakula. Wengine wana leseni yake. Wengine waliipokea silaha bila karatasi yoyote, na hawajapata ujasiri wa kuuliza.

Wamiliki hawa sasa wana kilio kimoja: baruti nyeusi imekuwa ghali na adimu, fataki zimekuwa ghali, na risasi nazo zimekuwa ghali. Mada hii inaeleza kwa nini bei hizo zimepanda. Zaidi ya hapo, inaeleza hatari inayoingia nyumbani pale mtu anapotafuta njia ya mkato ili kuikwepa bei. Kupanda kwa bei ni hasara ya mfuko, na hasara ya mfuko hurudi ikafidiwa. Jicho, kiganja na mtoto havirudi.

Kila mlio una gharama yake

Gobore halitumii risasi zilizofungwa tayari kiwandani. Kila mlio huandaliwa kwa mkono kupitia mdomo wa kasiba, kwa baruti, marisau na mdeki wa kushindilia, kisha fataki ndogo huwekwa chini ya mtambo ili kuwasha. Ndiyo maana mwenye gobore haguswi na bei moja. Anaguswa na bei tatu kwa pamoja, na kikikosekana kimoja kati ya vitu hivyo, silaha nzima hugeuka kuwa bomba la chuma.

Hali hii si ngeni katika pwani ya Ziwa Viktoria. Mwingereza John Hanning Speke alipofika Mwanza mwezi Agosti 1858, walinzi wake walikuwa na bunduki zilizotoka pwani ya Bahari ya Hindi. Baruti yote ya bara wakati huo ilisafiri kwa njia hiyo, juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, kwa safari ya miezi kadhaa kupitia Tabora. Njia ilipofungwa, bidhaa iliadimika. Vita vya Mtemi Mirambo dhidi ya wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora, vilivyoanza mwaka 1871, viliivuruga njia hiyo kwa miaka kadhaa, na aliyeshika njia ndiye aliyeshika baruti.

Majeshi ya Ulaya yalipoacha bunduki za kushindilia kwa mdomo na kuchukua zile za kujazwa kwa nyuma, silaha za zamani zilimwagwa katika masoko ya Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliozuia silaha za kisasa kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini yake. Mkataba huo uliacha mlango mdogo. Bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ya biashara ziliweza kuruhusiwa kwa kibali, zikihifadhiwa katika maghala yaliyosimamiwa na serikali.

Hivyo, kwa zaidi ya miaka 130, gobore limeruhusiwa kwa masharti, na ufunguo wa masharti hayo umekuwa baruti. Chuma cha gobore mhunzi anaweza kukitengeneza. Baruti halali haikutengenezwa kijijini, kwa hiyo aliyetaka kudhibiti silaha alidhibiti baruti.

Kwa nini bei inapanda sasa

Sababu ya kwanza ni kwamba baruti nyeusi ni bidhaa ya zamani iliyobaki na watengenezaji wachache. Tangu mkemia Mfaransa Paul Vieille alipobuni baruti isiyotoa moshi mwaka 1884, majeshi na viwanda vikubwa vya risasi vilihamia huko. Baruti nyeusi ilibaki kwa wapenzi wa silaha za kale, fashifashi na matumizi machache mengine. Bidhaa ikiwa na watengenezaji wachache, kiwanda kimoja kikitikisika dunia nzima hutikisika.

Jambo hilo lilionekana nchini Marekani. Mwezi Juni 2021 mlipuko ulitokea katika kiwanda cha GOEX huko Minden, jimbo la Louisiana, ambacho kilikuwa mtengenezaji mkuu wa baruti nyeusi nchini humo. Mwezi Septemba mwaka huohuo kampuni ya Hodgdon iliyokimiliki ilitangaza kukifunga, na mwanzoni mwa mwaka 2022 kikanunuliwa na kampuni ya Estes, inayojulikana kwa roketi za kuchezea. Katika kipindi hicho wapiga shabaha wa Marekani, watu wenye maduka na barabara nzuri, walilalamika kuwa baruti haipatikani. Bidhaa inayoadimika karibu na kiwanda chake haiwezi kuwa rahisi kando ya Ziwa Viktoria.

Sababu ya pili ni malighafi. Baruti nyeusi hutokana na mkaa, salfa na shura, na shura huhitajiwa pia na viwanda vya mbolea. Wakulima wanakumbuka namna bei ya mbolea ilivyopanda mwaka 2021 na 2022, hadi Serikali ikazindua mpango wa ruzuku ya mbolea jijini Mbeya tarehe 8 Agosti 2022. Fataki nazo hutumia madini ya antimoni, na kuanzia tarehe 15 Septemba 2024 China, mzalishaji mkubwa wa madini hayo duniani, iliweka masharti ya vibali kwa usafirishaji wake nje ya nchi. Vita vya Ukraine, vilivyopanuka Februari 2022, navyo vilielekeza viwanda vingi vya baruti na risasi kwenye mahitaji ya kijeshi.

Sababu ya tatu ni usafiri na fedha. Baruti ni mzigo wa hatari. Haichanganywi na bidhaa nyingine ovyo, huhitaji vibali na ghala maalumu, na kila hatua ina malipo yake. Bidhaa ya kutoka nje pia hulipiwa kwa dola, na dola iliyokuwa takribani shilingi 2,300 mwanzoni mwa mwaka 2023 ilipita shilingi 2,600 katikati ya mwaka 2024.

Hakuna hata moja kati ya sababu hizi ambayo mwenye gobore anaweza kuiondoa. Anachoweza kuamua ni namna atakavyoipokea.

Njia za mkato na malipo yake

Bei ikipanda, akili ya mtu hutafuta mbadala. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na katika baruti methali hiyo hulipwa kwa damu.

Njia ya mkato ya kwanza ni baruti ya kujitengenezea. Anayeijaribu anafikiri hatari iko katika kufyatua, kumbe hatari kubwa iko katika kutengeneza. Mchanganyiko huo huwaka kwa cheche, kwa msuguano na hata kwa umeme mdogo wa nguo kavu. Viwanda vyenye wataalamu na kuta maalumu vimelipuka. Chumba cha Kirumba, chenye jiko la mkaa mlangoni na watoto uani, hakiwezi kuwa kiwanda. Jirani naye hana pa kukimbilia, kwa kuwa nyumba zetu za mlimani zimebanana kati ya mawe na njia ni za kupita mtu mmoja mmoja.

Njia ya pili ni kutumia baruti isiyo ya gobore. Mkoa wetu na mikoa jirani ina migodi, na wapo wanaodhani kuwa kilipuzi cha kupasulia mwamba kinaweza kupunguzwa kidogo kikatosha. Wengine hufungua risasi za bunduki za kisasa na kumwaga baruti yake. Vitu hivi havifanani na baruti nyeusi. Nguvu zake ni nyingine na mwendo wa kuungua kwake ni mwingine. Kasiba ya gobore, tena iliyoliwa na kutu kwa miaka 60, hupasuka karibu na shavu la anayelenga.

Njia ya tatu haina kishindo, na kwa sababu hiyo ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Katika Kiswahili neno risasi ni jina la kinachofyatuliwa, na pia ni jina la madini yenyewe. Ili kuepuka kununua marisau, mtu huvunja betri kuukuu ya gari na kuyeyusha risasi yake katika sufuria juu ya jiko. Vumbi na mvuke wake hutua sakafuni, kwenye nguo na kwenye vyombo. Mtoto anayetambaa huokota vumbi hilo na kulipeleka mdomoni. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Madini hayo huharibu ubongo unaokua, na uharibifu huo hautibiki. Mtoto haonekani mgonjwa siku ile. Huonekana miaka ya baadaye, darasani, anaposhindwa kushika anachofundishwa.

Njia ya nne ni kulimbikiza. Anayepata baruti leo hununua ya miaka miwili kwa kuogopa bei ya kesho, kisha huiweka chini ya kitanda. Nyumba ikishika moto kwa sababu nyingine yoyote, majirani wanaokuja na ndoo za maji hawajui wanachokikimbilia.

Sheria inasemaje

Umiliki wa silaha nchini unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015. Gobore ni silaha ya moto kama nyingine. Umri wake, kutu yake na heshima ya babu haviondoi wajibu wa kuwa na leseni. Leseni hutolewa kwa mtu na haipiti kwa urithi kama ng'ombe. Mmiliki anapofariki, familia inapaswa kutoa taarifa Polisi ili silaha ihifadhiwe wakati mrithi anapoomba kibali chake mwenyewe au anapoamua kuiacha.

Baruti ina sheria yake, yaani Sheria ya Baruti ya mwaka 1963. Kutengeneza, kuuza na kuhifadhi baruti kunahitaji kibali. Kwa hiyo anayetengeneza baruti uani hana utetezi wa kusema gobore lake lina leseni. Uwindaji nao unasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na leseni ya silaha peke yake haimpi mtu ruhusa ya kuwinda.

Kwa wenye silaha zisizo na kibali, mlango wa kurudi katika sheria hufunguliwa mara kwa mara. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka, hadi mwaka 2030, kuwa mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha haramu. Tanzania nayo ilitoa msamaha wa aina hiyo kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Oktoba 2023. Mwenye silaha ya namna hiyo anashauriwa asiibebe mtaani. Amwone kwanza mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata au Polisi, aeleze alichonacho, na aelekezwe namna ya kukikabidhi.

Shamba litalindwaje

Swali la haki linaulizwa na mkulima: gobore likinyamaza, mazao yatalindwa na nini? Swali hilo halijibiwi kwa kumkemea muulizaji. Mwenye ekari mbili za mahindi kando ya pori hupoteza chakula cha mwaka kwa usiku mmoja.

Jibu la kwanza ni hesabu. Mmiliki akae chini na kujumlisha ada ya leseni, baruti, fataki, marisau, nauli na siku za kufuatilia, kisha agawe kwa idadi ya mara ambazo gobore lilimfukuza mnyama msimu uliopita. Wengi wakifanya hesabu hiyo kwa ukweli wataona kuwa wanalipia kumbukumbu zaidi ya ulinzi. Dhidi ya kiboko au tembo, gobore ni hatari kwa mpigaji mwenyewe, maana mnyama aliyejeruhiwa hafukuziki, hugeuka.

Jibu la pili ni mbinu zisizohitaji baruti. Katika maeneo yanayopakana na hifadhi, nchini na katika nchi jirani ya Kenya, wakulima hutumia kamba zilizopakwa pilipili na mafuta machafu, uzio wa mizinga ya nyuki, tochi zenye mwanga mkali, honi na zamu za usiku. Mizinga ina faida ya ziada, kwa kuwa hutoa asali. Tembo wanapoingia, kazi ya kuwaondoa ni ya askari wa wanyamapori, na taarifa ya mapema kwa afisa wanyamapori wa wilaya ndiyo silaha ya mkulima. Tangu mwaka 2011 zipo kanuni za kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa majeruhi au familia ya aliyeuawa na wanyama wakali. Malipo hayo hayalingani na hasara, lakini asiyetoa taarifa kwa wakati hukosa hata hicho.

Jibu la tatu liko katika historia ya Wasukuma na Wanyamwezi wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi, vijiji vya ukanda huu viliunda sungusungu. Walinzi wake walibeba upinde na mshale, na nguvu yao haikutokana na kishindo cha baruti. Ilitokana na yowe moja lililoitikiwa na kijiji kizima. Zamu ya pamoja shambani ni mwendelezo wa hekima hiyo.

Gobore lililonyamaza

Limebaki jambo moja ambalo kila familia yenye gobore la urithi inapaswa kulijua kabla ya kulala usiku wa leo. Baruti nyeusi ikikaa mahali pakavu haizeeki. Gobore lililoshindiliwa na babu miaka 40 iliyopita, likasahauliwa darini, linaweza kuwa tayari kufyatuka hadi sasa. Kwa nje halionyeshi dalili. Mjukuu anayelishusha ili kucheza askari na mdogo wake hana namna ya kujua.

Kwa hiyo gobore la urithi lihesabiwe kuwa limeshindiliwa mpaka mtaalamu athibitishe kuwa ni tupu. Lisichokolewe kwa waya, lisipashwe moto ili kukausha unyevu, na lisijaribiwe kwa kufyatua. Mdomo wake usielekezwe kwa mtu wala kwenye ukuta wa jirani. Watoto waondolewe chumbani, na Polisi waombwe walikague.

Ajali ikitokea licha ya tahadhari zote, sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Isipakwe dawa ya meno, mafuta wala unga. Jicho lililoingiwa na kitu lisifikichwe na kitu hicho kisichomolewe; lifunikwe kwa chombo kigumu kisicholigusa, na majeruhi apelekwe hospitali mara moja. Damu inayotoka kwa wingi izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi juu ya jeraha. Asitokee mtu wa kumficha majeruhi nyumbani kwa kuogopa maswali kuhusu silaha, maana saa zinazopotea katika kuficha ndizo zinazoamua kama mkono utabaki au utakatwa.

Heshima kwa babu haidhuriki gobore lake likikabidhiwa. Babu alilibeba ili watoto wake wale na wakue. Mjukuu anayelitoa nyumbani kwa njia ya sheria, ili watoto wa leo nao wakue wakiwa na macho mawili na mikono miwili, anaitimiza kazi ileile ambayo babu aliianza.